Watamu kwa mwezi na maji: mwongozo kamili wa likizo ya bahari na wanyama isiyo na mbio

Mara ya kwanza kupeleka familia Watamu nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa bahari. Tulishuka ufuoni saa nne na nusu asubuhi, watoto wamevaa maboya mikononi, mimi nimebeba taulo sita begani kama dobi. Maji hayakuwapo. Mbele yetu palikuwa na mchanga, madimbwi, mwani, na mbali kabisa mstari mweupe pale mawimbi yanapovunjika mwambani. Chini ya mkungu alikaa mzee akishona wavu.

"Shikamoo, mzee. Maji yameenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Leo bamvua. Nendeni mkanywe chai, mrudi alasiri."

Tulirudi alasiri, na bahari ilikuwa imefika hadi kwenye mizizi ya ule mkungu. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei ya chumba, natazama mwezi uko wapi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Watamu ni mji mdogo na vya kuona viko karibu karibu, kwa hiyo ukipatana na maji, mengine yote hujipanga bila mbio.

Kwa asiyepajua: Watamu iko kaunti ya Kilifi, Kenya, kilomita 110 hivi kaskazini ya Mombasa na mwendo mfupi kabla ya Malindi. Ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa tuktuk kuna hifadhi ya bahari, hori la mikoko, msitu mkubwa wa asili na magofu ya mji wa kale. Mbuga ya wanyama ya Tsavo Mashariki ni safari ya saa mbili tatu kwa gari. Sijui mji mwingine wa pwani yetu uliokusanya hayo yote huku bado unaweza kununua mahamri ya asubuhi kwa miguu.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha chagua mwezi

Upepo ndio unaotawala mwaka. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi: joto, bahari tulivu, maji maangavu. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba: huanza na mvua za masika, halafu huleta ubaridi, mawimbi na mwani mwingi ufuoni. Katikati kuna kipindi kifupi ambacho pepo zinapokezana na bahari hulala kama maziwa kwenye bakuli. Wavuvi hukiita malelezi.

Kama hufungwi na ratiba ya shule, nenda Oktoba, au mwisho wa Januari hadi Februari. Desemba ni kuzuri lakini watu ni wengi, na vyumba hupanda bei bila aibu. Aprili na Mei nisingempeleka mtu ninayempenda, isipokuwa kama anataka kulala tu na kusikiliza mvua juu ya makuti. Agosti ni ya wazazi wenye watoto wa shule, na ina fidia yake: kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani hii wakitoka kusini kuja kuzaa, na boti za Watamu huenda kuwatafuta nje ya mwamba. Bahari ya wakati huo huchafuka. Mwenye tumbo la wasiwasi ameze dawa ya kichefuchefu mapema, si baada ya kuanza kutapika.

Ukishapata msimu, fungua kalenda ya mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Siku za nusu mwezi ni maji mafu: hayaendi mbali, hayaji juu. Hilo hufundishwa kila mahali. Jambo ambalo mgeni haambiwi ni kwamba katika pwani hii bamvua ina saa zake. Maji ya bamvua hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Maji mafu ni kinyume: hujaa asubuhi ile ya saa nne, hupwa jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukijua leo unaweza kukisia kesho kutwa. Jedwali la maji hupatikana kwenye simu, na hoteli nyingi hulibandika ukutani karibu na baa.

Mimi huchagua bamvua, ingawa ndiyo iliyonifedhehesha. Asubuhi maji yakiwa chini unakwenda mwambani, ambako matumbawe yako karibu na uso na mwamba wa nje unazuia mawimbi. Mchana unalala. Alasiri maji yanakufuata hadi mlangoni unaogelea, na jioni hori la Mida limejaa, mtumbwi unapita juu ya mizizi ya mikoko. Siku nzima imejipanga yenyewe. Mwenye watoto wadogo sana ambao huchangamka asubuhi na kuchoka mchana, achague maji mafu, aogelee mapema.

Hatua ya pili: kufika

Kutoka Nairobi wengi wetu hupanda treni ya SGR hadi Miritini, Mombasa. Kata tiketi mapema, hasa wikendi na sikukuu. Mimi hupenda ya asubuhi kwa sababu reli hupita katikati ya Tsavo mchana, na mara nyingi tumewaona ndovu dirishani kabla ya kulipa hata senti ya mbuga. Ya alasiri inakufikisha usiku, na mwenye watoto na mizigo hana haja ya kutafuta gari la Kilifi gizani. Ukifika usiku, lala Mombasa.

Kutoka Mombasa, matatu za Malindi hupita Mtwapa na Kilifi. Panga saa mbili na nusu hadi tatu, kwani Mtwapa ikikwama imekwama. Usisubiri kufika Malindi: mwambie makanga akushushe Gede. Hapo tuktuk zimejipanga, na ni kama kilomita 6 hadi Watamu. Uliza bei kabla ya kupakia begi. Wanaoruka kwa ndege hushuka Malindi, kisha gari.

Wa kutoka Tanzania hupanda basi la Dar au Tanga kupitia Horohoro na Lungalunga, hushuka Mombasa, kisha njia ni hiyohiyo.

Hatua ya tatu: mahali pa kulala

Watamu imejinyoosha pamoja na ufuo, na unapochagua chumba unachagua pia jinsi utakavyotembea. Kijijini kuna gesti na vyumba vya bei nafuu, vibanda vya chakula, msikiti, muziki, kelele za bodaboda. Barabara inayoshuka kusini kuelekea hifadhi ya bahari na mdomo wa Mida ina hoteli na nyumba za kukodi, kimya zaidi, ila kila mkate ni tuktuk. Familia kubwa au marafiki sita wapangishe nyumba yenye jiko na mpishi. Nyumba nyingi zina mpishi wa kwake, unanunua samaki asubuhi anakupikia, na mkigawana mnajikuta mmelipa chini ya hoteli.

Kabla ya kutuma hela uliza maswali manne. Je, chandarua kipo na hakina matundu? Maji ya bomba ni ya chumvi au matamu? Stima ikikatika kuna jenereta? Na ufuo ulio mbele, maji yakipwa kunabaki nini, mchanga au mawe? Swali la mwisho huwafanya wenye nyumba wakae kimya kidogo kwenye simu, na ukimya huo ni jibu. Mwaka mmoja sikuuliza. Picha zilionyesha bahari ya buluu hadi kwenye ngazi, na kumbe zote zilipigwa maji yakiwa yamejaa.

Hatua ya nne: asubuhi ya mwambani

Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ya Malindi, zikiwa za kwanza nchini Kenya. Ada yake hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si taslimu. Viwango hubadilika, vitazame kwenye ukurasa wao siku chache kabla. Raia wabebe vitambulisho, la sivyo mtalipa kama wageni.

Boti ni mapatano tofauti na ada ya hifadhi, na hapo ndipo watu hugombana. Kepteni anapotaja bei, muulize: ni ya boti nzima au ya kila mtu? Ada ya KWS imo au haimo? Miwani ya kuzamia na mipira ya kupumulia imo? Ni saa ngapi majini? Nilishapanda boti ambayo bei yake iliongezeka mara mbili kati ya ufuo na mwamba, kila mara kwa sauti ya upole sana. Pia mtazame usoni umuulize saa nzuri ya kwenda. Anayesema "saa yoyote ni sawa" anatafuta riziki yake, na wewe tafuta mwingine. Kepteni mzuri atakutajia saa ya maji na kukuambia uwe ufuoni nusu saa kabla.

Mkiwa majini, usikanyage matumbawe. Linaonekana jiwe, lakini ni mnyama hai, na kidole gumba kimoja kinaweza kuvunja kilichokua kwa miaka mingi. Wengine watakupa mkate uwatupie samaki wakusanyike. Kataa. Samaki wapo hata bila mkate, na wale wenye kazi ya kula mwani juu ya matumbawe wanapaswa kuendelea na kazi yao. Vaa fulana: jua la Watamu linachoma mgongo wa mtu anayeelea bila yeye kujua, hata mgongo mweusi kama wangu. Ganda lolote la bahari uliache hapo. Ndani ya hifadhi kuokota ni kosa kisheria, na nje ya hifadhi usinunue kwa wanaotembeza.

Ukipenda kutembea kwa miguu maji yakiwa yamepwa, vaa viatu vya plastiki. Madimbwini utaona kiti cha pweza chekundu, yule mnyama mwenye umbo la nyota, majongoo ya bahari, na yale madude meusi yenye miiba mirefu ambayo ndiyo sababu ya viatu. Geuka urudi maji yanapoanza kurejea. Yanakuja kimyakimya, na huanza kujaza nyuma yako kabla ya mbele.

Kasa wana mahali pao pia. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kama Watamu Turtle Watch, lina kituo cha kuwatibu. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu hupiga simu badala ya kumchinja, na hulipwa kiasi kidogo cha kufidia usumbufu. Kasa hupimwa, hutiwa alama, na kama ni mzima hurudishwa baharini siku hiyohiyo. Wagonjwa hubaki. Tulimkuta mmoja akielea upande upande, hawezi kuzama. Mhudumu alieleza kwamba plastiki aliyomeza imejaza gesi tumboni. Mwanangu wa miaka saba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kasa naye hujamba. Ndiyo, na wanaomhudumia hushangilia. Pigeni simu kabla ya kwenda, maana wageni hupokewa kwa saa maalumu.

Hatua ya tano: jioni ya Mida

Watamu inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini lakini halitui baharini. Linatua nyuma, upande wa hori la Mida. Asiyejua hukaa ufuoni na kamera hadi giza likamkuta.

Nenda Mida saa kumi na moja kasoro. Upande mmoja kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na sehemu yake ni daraja la kamba linaloning'inia, likiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mapato yake husaidia karo za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Upande wa Dabaso kuna mkahawa wa mbao juu ya maji unaoendeshwa na kikundi cha wenyeji wanaofuga kaa. Agiza sambusa za kaa mara tu ufikapo, kwa sababu hukaangwa kwa oda na jua halisubiri. Zinaletwa za moto kwenye sahani na ndimu na pilipili, ganda jembamba linalovunjika kwa sauti, ndani nyama tamu ya kaa na kitunguu. Tulikuwa watano, tukaagiza kumi, tukaongeza kumi.

Kama ni bamvua, chukua mtumbwi. Kama ni maji mafu, hori litakuwa linapwa na matope yatakuwa wazi, na hapo ndipo ndege hushuka kula. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Aprili, maelfu ya ndege wa ufuoni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia huwa hapa, na pengine heroe nao. Beba darubini hata ya kuazima.

Siku ya kivuli: msitu na magofu

Siku ya tatu hivi ngozi imechoka na jua. Hiyo ndiyo siku ya Gede.

Anza na msitu, alfajiri. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Chukua mwongozaji pale kituo cha msitu cha Gede, maana bila yeye utaona miti. Yeye atakuonyesha sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo mwenye pua kama mkonga, ambaye karibu haishi kwingine duniani. Anakimbia kama mtu aliyesahau chungu jikoni, kwa hiyo simama, usimfuate. Kuna pia bundi wa Sokoke, mdogo wa kukaa kiganjani, ambaye hulala mchana kwenye vichaka. Waongozaji hujua tawi analolala, na kumpata ni kama kuonyeshwa siri ya nyumba ya mtu. Ndovu wapo humo, na ndiyo sababu nyingine ya kutokwenda peke yako.

Saa nne jua likikaza, hamia magofuni. Gede ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na vyoo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuachwa katika karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Wachimbaji walikuta vyombo vya kaure kutoka China. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hakuna anayejua kwa hakika kwa nini watu waliondoka, na kila mwongozaji ana jibu lake: maji ya visima yalikauka, walivamiwa, walifukuzwa na majini. Sikilizeni yote. Kima wa hapo wamezoea watu na huiba. Ndizi iliyo mfukoni si yako tena.

Palepale uwanjani kuna Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993. Wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi hadi wawe pupa, huuza pupa hao kwa mradi, nao husafirishwa kwenye nyumba za maonyesho za ng'ambo. Dakika 30 zinatosha.

Tsavo: nenda ulale, au usiende

Nina msimamo hapa. Watakuuzia safari ya siku moja, kutoka saa kumi alfajiri na kurudi usiku, na utarudi na vumbi puani, picha ya twiga na kiuno kinachouma. Kwa likizo ya kupumzika hiyo si safari, ni adhabu. Kama una siku sita au zaidi, toa usiku mmoja. Mnaingia lango la Sala mchana, mnaendesha taratibu kando ya mto Galana, mnalala, na alfajiri mnatoka tena simba wakiwa bado hawajajificha. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa ule udongo wanaojirushia. Mto huo huo wa Galana, ukishuka, huitwa Sabaki na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvua zikinyesha bara, ndio unaogeuza maji ya Malindi kuwa kama chai ya maziwa, huku Watamu kwa kawaida yakibaki safi.

Kama siku ni nne tu, acheni Tsavo. Mtapata wanyama wa kutosha kati ya mwamba, hori na msitu.

Ya mkobani na ya mdomoni

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi ndani ya hifadhi. Beba chupa ya chuma. Beba dawa ya mbu, nguo ndefu za jioni, na leso mbili: ya kujifunga ukitoka ufuoni kuingia kijijini, na ya kukalia. Watu hapa ni wavumilivu, lakini kupita mbele ya msikiti na nguo ya kuogelea ni utovu wa adabu na watanyamaza tu. Kwa malaria, zungumza na daktari wako kabla ya safari, hasa kama unatoka nyanda za juu.

Pesa ni M-Pesa, na noti ndogo za tuktuk. Vijana wa ufuoni watakusalimia kwa Kiitaliano kwanza, kwa sababu Waitaliano wamejaa hapa miaka mingi. Jibu kwa Kiswahili, sema "Nimeshapata, kaka, ahsante," na mazungumzo hugeuka mara moja kuwa ya mpira. Asubuhi kula mahamri na mbaazi, mchana viazi karai na ukwaju, usiku samaki wa kupaka. Pizza za Watamu ni nzuri kweli, hata hivyo ruhusu usiku mmoja tu.

Siku ya kuondoka usipange kitu. Amka uone jua likitoka baharini, oga, funga begi, na kwenye stendi ya Gede nunua mabuyu na achari ya watu wa nyumbani. Ndani ya matatu kaa dirisha la kushoto. Mkipita juu ya daraja la Kilifi tazama chini, vyombo vilivyotia nanga horini. Kama upepo si mkali na pua zao zote zimeelekea baharini, maji yanajaa.